Mrushaji Hushuka Mwenyewe

Mji wetu wa Stanbury Falls haujapata kutoa gavana wala jenerali. Tulichotoa ni karatasi, na timu ya besiboli ya ligi ndogo ambayo watu wa miji mikubwa hawajaisikia. Inaitwa Wanakaratasi. Imekufa mara mbili na kufufuka mara mbili, imelelewa na klabu kubwa nyingi kama mtoto asiye na bahati ya walezi, na ubingwa imeuchukua mara moja tu, mwaka ule timu bora ya ligi ilipopatwa na matumbwitumbwi. Nayasema haya bila aibu. Anayetaka vikombe aende akavitafute kwingine.

Jambo la kwanza mgeni analoligundua ni kwamba uwanja wetu umeelekezwa upande mbaya. Waliojenga walikuwa wafanyakazi wa kiwanda, marehemu baba yangu akiwa mmoja wao, na walijenga siku za Jumapili baada ya misa. Walitaka jukwaa liwe karibu na kituo cha tramu, ili mtu akishuka aingie moja kwa moja bila kukanyaga matope. Kwa hiyo bamba anaposimama mpigaji waliliweka mashariki, na mpigaji akawa anatazama magharibi. Hakuna aliyeona kosa. Siku hizo mechi zilichezwa saa nane mchana, jua likiwa utosini, na taa za umeme zilikuwa kitu cha dukani na kanisani. Nani angefikiria kwamba siku moja watu watacheza besiboli usiku?

Taa zilifungwa baada ya vita vya pili, ndipo kosa likajitokeza. Mechi zikawa zinaanza saa moja jioni, na katika miezi ya kiangazi jua letu huchelewa kulala. Kabla halijazama hukaa juu ya mgongo wa kilima, nyuma ya mrushaji kabisa, likimkodolea macho mpigaji. Mpigaji haoni kitu. Mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake haoni kitu, na mwamuzi aliyeinama nyuma ya mdakaji haoni kitu. Anayeona ni mrushaji peke yake, kwa kuwa yeye amelipa jua mgongo. Watu walishauriana wageuze uwanja, lakini uwanja si godoro.

Mwaka uleule wa taa, mrushaji wetu alikuwa Aurèle Gadbois, Mfaransa wa Kanada, mpasua matambara ya kutengenezea karatasi kiwandani. Mpira wake ulikuwa na kasi ya kutisha. Jioni moja, jua likiwa pale kilimani, alimrushia kijana mmoja wa timu ya wageni, na yule kijana hakuinama wala hakujikinga. Alisimama tu kama mtu anayesubiri posta ifunguliwe. Mpira ukampata chini ya jicho, na jicho lile halikuona tena sawasawa.

Aurèle alikwenda hospitali kumtazama. Walichosema hakuna anayekijua. Mechi iliyofuata, jua lilipokaa juu ya kilima, aliuweka mpira kwenye kichuguu anapojipanga mrushaji, akashuka, akaenda kuketi kwenye benchi na kukunja mikono. Mwamuzi alimwita. Aurèle akamjibu kwa Kifaransa, na mwamuzi hakujua Kifaransa. Watazamaji nao wakasimama, wakaondoka kwenda kununua mahindi. Mwamuzi akabaki na kinyago chake mkononi. Jua lilipozama Aurèle alirudi, akauokota mpira, mchezo ukaendelea.

Ikawa ndiyo desturi. Kwingine ambako jua linasumbua, mwamuzi ndiye husimamisha mchezo. Kwetu mrushaji wa nyumbani hushuka mwenyewe, kwa sababu jua lile ni rafiki yake yeye tu, na si haki mtu mwingine amwambie aachane na rafiki yake. Waamuzi wa ligi wameizoea. Wanaambiwa: ukifika Stanbury Falls usihangaike na jua, mrushaji wao atashuka.

Mapumziko yale ya jua yameujenga mji kuliko mbunge yeyote. Wafaransa walikuwa wakikaa upande wa kituo cha tatu cha wakimbiaji na sisi Wapolandi upande wa kituo cha kwanza, na tusingekaa pamoja hata kama tungelipwa. Lakini sufuria la mahindi lilikuwa moja, nyuma ya jukwaa. Hapo ndipo nilipomwona Bernadette akipuliza hindi la moto, machozi yakimtoka kwa mvuke. Nilimwuliza kama analia. Akaniambia, "Nalia kwa sababu nyinyi mnasukuma foleni kama ng'ombe." Alikuwa binti wa Aurèle Gadbois. Tulioana mwaka uliofuata, na baba yake alinikubali baada ya kuhakikisha kwamba najua kucheza karata na kushindwa bila kununa.

Watoto wetu walipokwisha kuhama, tukaanza kupokea wachezaji. Ndivyo timu ndogo zinavyoishi: vijana wanakuja kutoka mbali, mfukoni hawana kitu, na familia za mji zinawapa kitanda na chakula msimu mzima. Mimi nilikuwa bado kiwandani, nasimamia mashine ya kukaushia karatasi mchana, na usiku wa Jumanne na Alhamisi niko shuleni, maana niliamua sitazeeka bila kujua kuandika barua inayoeleweka. Kila mchezaji aliyeingia mlangoni nilimweleza habari za jua kabla sijamwonyesha taulo zilipo.

Mwaka ninaotaka kuusimulia tulimpokea Wendell Stroud, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Arkansas. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na katika ligi hii huo ni uzee. Wenzake walimwita Babu. Alikuwa mtu mpole, mrefu, anayeosha sahani bila kuombwa, na Bernadette alimpenda tangu wiki ya kwanza kwa sababu alikula viazi vyake vya kukaanga bila kusema kwao vinapikwaje.

Siri yake tuliijua sisi wawili tu. Kiwiko chake cha kushoto kilikuwa kimechakaa. Kikiwa na moto kilifanya kazi, lakini akikaa kitako kwa muda kilikaza kama bawaba yenye kutu, na jioni ile hakikulegea tena. Msimu mzima kocha alikuwa akimwingiza mwishoni mwa mechi, jua likiwa limeshazama, akarusha kidogo akatoka. Hakuna aliyegundua. Akirudi nyumbani anakiloweka kwenye karai la maji moto jikoni, na Bernadette anakisugua kwa dawa ya kafuri mpaka nyumba nzima inanuka kama kabati la bibi.

Jioni moja ya Agosti aliingia akaketi bila hata kuvua kofia.

"Kesho naanza mimi," alisema.

"Unaanza mechi?" Bernadette aliuliza. "Mwanzo mwanzo?"

"Mwanzo mwanzo, mama. Kuna bwana anakuja kutoka klabu kubwa. Kocha kaniambia waziwazi: nikifika vizuri zamu ya sita kati ya zile tisa, napandishwa daraja. Nisipofika, nifungashe."

"Na wengine watakaokuja kutazamwa ni nani?"

"Hakuna. Ni mimi tu. Wanataka kujua kama wanitupe au wanibakize."

Bernadette aliweka karai mezani, akamimina maji, akamshika mkono akauzamisha kama anamwosha mtoto. Wendell akanitazama.

"Mzee Kaz, ile desturi yenu ya jua. Imeandikwa mahali?"

"Haijaandikwa."

"Mwamuzi akinyamaza, je?"

"Mwamuzi hunyamaza siku zote. Ndiyo maana ni desturi."

"Hayo mapumziko huchukua muda gani?"

"Inategemea. Robo saa. Siku nyingine zaidi."

Alitazama kiwiko chake ndani ya maji. "Robo saa nikikaa, huu mkono ni ubao. Wanaweza kuupigia misumari."

Nilimwongezea maji moto. Bernadette alinyamaza, na mke wangu anaponyamaza mimi hujua kwamba ameshaamua jambo.

Alilitoa kitandani, taa ikiwa imezimwa. "Usimwambie kitu kijana wa watu," alisema. "Asipotaka kushuka, asishuke."

"Bernadette. Wewe ni binti wa Aurèle."

"Najua mimi ni binti wa nani. Baba akishuka pale alikuwa na kiwanda cha kurudi asubuhi. Huyu ana nini?"

Kesho yake uwanja ulijaa. Haikuwa kwa ajili ya Wendell. Ilikuwa siku ya mahindi ya kwanza ya msimu. Bwana wa klabu kubwa alikaa nyuma ya bamba, kofia ya majani kichwani, na kila mtu alimjua kwa kuwa alikuwa peke yake aliyevaa tai. Mbele yetu alikaa Zenon, mwenzangu wa zamu kiwandani, ambaye hajawahi kutazama mechi kimyakimya.

"Babu leo kaamka mapema," Zenon alisema Wendell alipopanda kichuguu. "Kwa kawaida humtoa kabatini baada ya chakula cha usiku."

"Zenon, funga mdomo utazame," Bernadette akamwambia.

"Shemeji, nikifunga mdomo nitatazama kwa nini?"

Wendell alirusha vizuri. Naeleza kama mtu aliyetazama besiboli tangu akiwa na kaptula: vizuri sana. Hakuwa na kasi ya vijana, ila mpira wake ulifika kwa mpigaji kama mgeni anayepiga hodi mlango wa mbele kisha akaingia kwa mlango wa nyuma. Zamu ya kwanza wageni hawakugusa kitu. Ya pili vilevile. Mdakaji wetu, Anselmo Tavárez, kijana wa Jamhuri ya Dominika mwenye mabega kama mlango wa ghala, alikuwa akimchokoza kila mpigaji aliyekuja. "Huyu babu yangu anakuonea huruma," alimwambia mmoja. "Akikasirika ndio utakoma." Zamu ya tatu ilipokwisha hakuna mgeni hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Zenon mwenyewe akaanza kuhesabu kwa vidole. Bwana wa kofia ya majani aliegemea mbele.

Timu yetu ilipokuwa ikipiga, Wendell hakukaa. Wenzake wote walikuwa kwenye benchi, yeye akitembea huku na huko kando ya uzio akikunja na kukunjua mkono. Nilimwona kocha, Lyle Haskett, akimsogelea. Haskett alikuwa mtu wa kutumwa na klabu kubwa inayotulea, msimu wake wa kwanza kwetu, na mji aliuona kama kituo cha basi. Tulikaa karibu kiasi cha kusikia.

"Mambo yao ya jua leo sitaki," Haskett alimwambia. "Mwamuzi hajasema, wewe unarusha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nakusaidia wewe, si mimi."

Na hapo sikumwona kuwa mtu mbaya. Alisema kweli.

Katika zamu ya nne Wendell alimtoa mpigaji wa kwanza. Wa pili alipokuwa anakuja, jua likakaa juu ya mgongo wa kilima. Uwanja mzima ulipata rangi ya chungwa, na kivuli cha Wendell kikanyooka kutoka kwenye kichuguu mpaka miguuni pa Anselmo. Watu wakasimama. Hakuna anayeamrisha, ni mazoea, kama kanisani. Walisimama, wakashika pochi na mito yao ya kukalia, wakasubiri ashuke ili wakale.

Mimi nilisimama na wenzangu. Nikahisi koti linavutwa.

"Kaa chini, Kazimierz," alisema Bernadette. Yeye hakusimama.

"Watu wanatuona."

"Waache watuone."

Zenon aligeuka. Akamtazama binti wa Aurèle Gadbois aliyeketi peke yake kati ya watu waliosimama, mikoba miwili mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Zenon alikosa neno.

Nami nilibaki katikati, sijasimama wala sijakaa, mkono mmoja kwenye kiti. Nilitaka ashuke. Desturi ile ndiyo kitu pekee ambacho timu yetu imewahi kuwa nacho ambacho timu nyingine haina. Na nilitaka asishuke, maana nilikijua kiwiko kile kama ninavyojua mashine yangu.

Wendell hakushuka. Alisimama na mpira ndani ya glavu, akitazama chini. Mpigaji wa wageni aliinua mkono kujikinga uso, akamwambia mwamuzi kitu. Mwamuzi akamtazama Wendell, kama alivyofundishwa, akasubiri. Kutoka kwenye benchi Haskett alipiga makofi mara mbili. "Twende, Stroud. Twende kazi."

Watu hawakuzomea. Ningependa kusema walizomea, ingekuwa rahisi kwake. Walisimama kimya, na mtu mmoja upande wa kituo cha tatu akakohoa.

Anselmo akachuchumaa. Kama mrushaji hashuki, mdakaji hana pa kwenda. Akaweka glavu mbele yake, akageuza uso kidogo pembeni kwa ajili ya mwanga. Wendell akajikunja, akarusha.

Mpigaji aliruka nyuma kabla mpira haujaondoka mkononi. Aliona kivuli kimecheza, basi. Mpira ulikwenda mahali pake, juu kidogo. Anselmo hakusogeza glavu hata chembe. Ukampiga kati ya shingo na bega, juu ya kinga ya kifua. Tulisikia sauti yake, kavu.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti, mkono wa kulia ukining'inia, na kwa mkono wa kushoto akaanza kupapasa ardhi kuutafuta mpira. Mpira ulikuwa kando ya goti lake. Sisi sote tuliuona. Yeye alikuwa ameelekeza uso kwenye jua, macho yamefumba nusu, akipapasa vumbi huku na huku kama mtu aliyeangusha funguo gizani.

Wendell alishuka. Hakuelekea kwenye benchi kwanza. Alikwenda mpaka kwa Anselmo, akauokota mpira, akamshika chini ya kwapa akamsimamisha.

"Nilidhani umeniona," Wendell alisema.

"Nimekuona wewe," Anselmo akasema. "Mpira ndio sikuuona, Babu."

Wendell akarudi na mpira, akauweka juu ya kichuguu, akaenda kuketi. Haskett alimwambia kitu, naye hakujibu. Watu wakaanza kutembea kuelekea kwenye mahindi, polepole, wakiongea kwa sauti za chini.

Bernadette alikuwa amekwishaondoka. Nilimkuta kwenye sufuria la mahindi, amechukua taulo mbili kutoka kwenye mkoba wake, anazichovya kwenye maji yanayochemka.

"Mama, tunakula hayo maji," mwuzaji alimlalamikia.

"Mtakula hayohayo. Taulo ni safi kuliko mahindi yako."

Alizikamua, mikono ikiwa myekundu, akakimbia nazo mpaka kwenye uzio wa benchi. Alizipitisha juu ya waya. Wendell akajifunga kiwiko, mvuke ukapanda. Bernadette akarudi kwenye sufuria, akaja tena na nyingine, akarudi tena. Anselmo alikaa pembeni na barafu begani. Mmoja na moto, mwenziwe na barafu.

"Unanuka mahindi," Anselmo akamwambia.

"Na wewe unanuka nini?"

"Mimi nanuka mtu aliyepigwa na rafiki yake."

Wakacheka, kicheko kifupi, kisha Wendell akaweka mkono wake wa kulia juu ya goti la Anselmo, akauacha pale.

Nilikuwa nimesimama kando ya uzio. Nikamwuliza Bernadette, "Ungekuwa wewe, ungeshuka?"

"Nisiulize sasa," alisema. "Nishikie mkoba."

Jua lilizama. Taa zikawaka sawasawa, Wendell akapanda kichuguu, Anselmo akavaa kinyago tena, nami kabla hajarusha mpira wowote niliona alivyokuwa akiubeba mkono. Taulo za mahindi zilikuwa zimefanya zilichoweza. Mpigaji alikuwa yuleyule aliyeruka nyuma. Akaupiga mpira wa pili mbali, ukaruka kwenye nyasi. Aliyemfuata, pandikizi la mtu mwenye ndevu nyekundu, aliupeleka mpaka kwenye ukuta wa tangazo la duka la magodoro. Aliyefuata hapo alipewa kituo bure, kwa kuwa Wendell hakuweza tena kuufikisha mpira unapotakiwa. Haskett alitoka kwenye benchi akitembea taratibu, mikono ndani ya mifuko ya nyuma. Akanyoosha kiganja. Wendell akaweka mpira humo.

Alipokuwa anatoka, watu wa upande wa kituo cha tatu walisimama, na wa kituo cha kwanza wakasimama. Wakampigia makofi mpaka alipoingia ndani, naye hakuinua kofia. Bwana wa kofia ya majani aliondoka kabla mechi haijaisha.

Asubuhi Haskett alimwita, na halikuwa jambo refu. Wendell alirudi nyumbani na begi lake la viatu, akatukuta jikoni.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Basi linaondoka saa nne. Nitabadilisha basi mjini Albany."

"Basi limeshaondoka," Bernadette alisema.

"Mama, sasa hivi ni saa tatu."

"Limeondoka. Kaa ule."

Alitazama kwangu apate msaada. Nikamwambia mabasi ya mji huu hayaaminiki kabisa. Akavua kofia, akaketi, akala. Baadaye alitengeneza mlango wetu wa nyuma uliokuwa ukikwaruza sakafu, kisha akaniuliza kama kiwandani wanachukua watu. Nilimwambia kweli, kwamba wanapunguza. Akatikisa kichwa akaendelea kukaza parafujo kwa mkono wa kulia.

Jioni Bernadette alimvalisha koti langu, akaja nasi uwanjani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa jukwaani. Msimu mzima alikuwa hapo, na hakuwahi kukikalia kiti cha mbao. Alikaa kati yetu sisi wawili. Zenon aligeuka akampa mkono.

"Babu, karibu kwa wanaojua besiboli," alisema. "Huku hatukosei kamwe."

Mchana ule mawingu yalikuwa yametanda, na jioni anga lote lilikuwa kijivu kama karatasi yetu ya daraja la pili. Zamu ya tatu ikaisha, ya nne ikaanza. Kilima hakikuonekana. Mrushaji wetu, kijana mmoja wa Ohio, alirusha, akarusha tena, na hakukuwa na sababu ya kushuka. Watu walijipapasa mifuko, wakatazama magharibi, wakaendelea kukaa. Wengine walikwenda kununua mahindi mmojammoja, kama wezi.

Wendell alitazama anga lile kwa muda.

"Jana tu," alisema. "Lingekuwa hivi jana."

 Nimesoma vitabu vingi kwa mtu wa kiwandani, na katika vyote sikukumbuka sentensi ya kumfaa. Bernadette alimpa hindi. Akalishika bila kula.

Zamu ilipokwisha, Anselmo, aliyekuwa na bega limefungwa na hakutakiwa kucheza lakini alikataa kukaa benchi, alikuja kwenye wavu ulio mbele yetu, kinyago mkononi.

"Babu. Yule mwenye ndevu nyekundu anakuja zamu ijayo."

"Namwona."

"Jana alikutandika."

"Asante kwa kunikumbusha."

"Nauliza kwa sababu wewe ulisimama mbele yake. Mimi nilikuwa nyuma, naona makalio tu. Hapendi nini?"

Wendell alifikiri. Alilaza hindi mapajani. "Jana nilimpa juu kwa sababu mkono haukushuka. Anapenda juu. Ila mguu wake wa mbele anautanguliza mapema. Mpeni polepole, chini, nje. Na msimpe mara mbili mfululizo."

"Polepole, chini, nje," Anselmo alirudia. Akagonga wavu kwa kidole akarudi. Kule kwenye benchi Haskett alikuwa ametuona. Akageuza uso akatema mbegu za alizeti.

Mwenye ndevu nyekundu alikuja, akapewa polepole, chini, nje. Akapiga hewa, akazunguka mpaka kofia ikamdondoka. Zenon akamwokotea maneno ya kutosha. Zamu iliyofuata Anselmo akarudi wavuni na swali jingine, kuhusu kijana mwembamba anayepiga kwa kushoto. Na iliyofuata akarudi tena. Wendell alikuwa ameacha kutazama mawingu. Alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini, akimchunguza kila mpigaji tangu anapotoka kwenye benchi, anavyoshika gongo, anavyochimba vumbi kwa kiatu.

Katika zamu ya saba mwenye ndevu nyekundu alisimama tena kwenye bamba, na safari hii alikuwa amebadilisha jinsi ya kusimama. Wendell alinyoosha shingo. Mikoba ya Bernadette ilikuwa inamzuia.

"Samahani, mama," alisema. "Sogea kidogo. Nataka kuona miguu yake."

Bernadette akaishusha mikoba sakafuni, akasogea.